Je, wajua? Mwendo wa ndege unaweza kuiongezea injini nguvu, na filta ya hewa si lazima iipoteze faida hiyo

Nguvu ya injini ya pistoni hutegemea hewa inayoingia kwenye silinda. Petroli unaweza kuiongeza utakavyo, lakini bila hewa ya kutosha haiungui. Ndiyo maana ndege ikipanda juu, injini huishiwa pumzi. Kwenye usawa wa bahari presha ya hewa ni takriban inchi 29.9 za zebaki; ukifika mita 2,400 zimebaki 22 hivi, yaani robo nzima imekwenda. Rubani anayewasha injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) katika uwanja wa Wilson, Nairobi, mita 1,690 juu ya bahari, ameshapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka.

Sasa, ndege hiyohiyo ikishika kasi angani, haiwezi kujirudishia sehemu ya hewa iliyopotea kwa mwendo wake yenyewe? Inaweza. Swali hili huwashughulisha sana watu wanaojiundia ndege nyumbani, hasa Marekani, ambako sheria humruhusu mtu kusajili ndege aliyoijenga mwenyewe ilimradi zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na wajenzi wasio wa kibiashara. Kiwanda hakimpangii mjenzi huyo njia ya hewa ya injini ipite wapi. Hiyo ni raha yake, na ndipo wengi wanapopoteza nguvu ambazo wangezipata bure.

Hewa inayokwenda kasi ikipunguzwa mwendo taratibu, ile kasi hugeuka kuwa presha. Hesabu yake ni fupi: chukua msongamano wa hewa, zidisha kwa kipeo cha pili cha kasi, gawanya kwa mbili. Tuchukue RV-7, mojawapo ya ndege za kujiundia zinazopendwa sana, yenye injini ya Lycoming O-360 ya nguvu za farasi 180. Ikiruka kilomita 300 kwa saa kwenye mita 2,400, hesabu inatoa kilopaskali 3.4, karibu inchi moja kamili ya zebaki. Inchi moja juu ya 22 ni zaidi kidogo ya asilimia 4. Kwa injini hiyo, kwa urefu huo, ni kama nguvu za farasi 6, na rubani huona ni kama ndege imeshuka mita 350 hivi bila kushuka.

Ni kidogo? Ni kidogo, na hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu kuna wanaouza midomo ya hewa, yaani matundu ya kuingizia hewa ya injini, kwa ahadi kubwa kuliko sheria za fizikia. Hakuna umbo litakalokupa zaidi ya ile inchi moja kwa kasi ile. Na kwa kuwa kasi inaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili, ndege inayokwenda kilomita 100 kwa saa hupata sehemu moja ya tisa tu. Mwenye ndege nyepesi ya mwendo wa pole asijisumbue. Wakati wa kupaa pia, pale nguvu inapohitajika kuliko wakati wowote, faida ni ndogo mno kwa kila mtu. Hii ni nguvu ya safari, ya mwendo mrefu wa juu. Lakini mtu aliyetumia miaka kujenga ndege kwa mikono yake hawezi kuziacha nguvu sita za farasi zimwagike njiani kwa sababu ya kona iliyokatwa vibaya.

Na njiani ndiko zinakomwagika. Mjenzi wa kwanza anafikiri mdomo mkubwa utakamata hewa nyingi. Lakini injini hainywi zaidi ya kiu yake. O-360 ina ujazo wa lita 5.9, ikizunguka mara 2,700 kwa dakika hunyonya takriban lita 115 za hewa kwa sekunde. Kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, hewa hiyo yote ingepita kwenye tundu la duara lenye upana wa sentimita 4 na kidogo. Ndege inapopanda polepole, kilomita 160 kwa saa, ingehitaji tundu la karibu sentimita 6. Ukiweka mdomo mkubwa kupindukia, hewa isiyohitajika humwagikia pembeni. Kama kingo za mdomo ni nene na zimeviringwa, hewa hiyo huteleza nje bila madhara makubwa. Kama ni kali kama bati lililokatwa, huvurugika na kuiburuza ndege. Kwa hiyo kingo zilizoviringwa kwanza, ukubwa baadaye.

Baada ya mdomo, njia inapaswa kupanuka polepole. Ukiipanua ghafla, hewa huachana na kuta, huanza kuzunguka ovyo, na kasi yake huishia kuwa joto badala ya presha. Kwa mfereji wa duara, pembe salama ya kupanuka ni nyuzi 7 hivi kwa jumla. Hiyo hudai urefu, na urefu chini ya boneti ya ndege ndogo ni adimu: kuna ekzosi, kuna mabomba ya mafuta, kuna fremu ya injini. Ndiyo maana mdomo wenye ukubwa wa wastani husaidia: hewa huanza kupungua kasi ikiwa bado nje, ambako hakuna kuta za kuisumbua, na mfereji wa ndani unabaki na kazi ndogo.

Sasa tufike kwenye filta, ambako ubishi huwa mkali. Wapo wanaosema filta huua faida yote, basi itolewe. Sikubaliani nao hata kidogo. Vumbi la barabara na viwanja vya udongo lina chembe za silika ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kuta za silinda. Zikichanganyika na mafuta ya injini hugeuka kuwa dawa ya kusagia: ringi huliwa, silinda hupanuka, injini huanza kula oili. Mafundi wanaopeleka sampuli ya oili maabara huigundua injini ya namna hii mapema, kwa sababu kipimo cha silikoni hupanda.

Jeshi la anga la Uingereza lilijifunza haya kwa gharama wakati wa vita vya pili vya dunia. Ndege zao za kivita za Spitfire zilipopelekwa Afrika Kaskazini na Malta, vumbi na mchanga vilikuwa vikizimaliza injini, hivyo zilifungwa filta ya kampuni ya Vokes. Filta ilichuja vizuri, ila nyumba yake ilikuwa kidevu kinene chini ya pua ya ndege, na kasi ikashuka. Marubani walilalamika, na walikuwa na haki. Mafundi wa karakana ya Aboukir, Misri, hawakuitupa filta. Walitengeneza nyumba nyingine, ndogo na laini zaidi. Baadaye Spitfire za matoleo mapya zilikuja na filta iliyofichwa ndani ya njia ya hewa yenyewe.

Mjenzi wa leo anaweza kufuata njia ileile. Hasara ya presha kwenye filta inategemea kasi ya hewa inapoipita. Ukiongeza eneo la filta mara mbili, kasi hiyo inakuwa nusu, na hasara hushuka hadi nusu au chini zaidi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni filta ndogo iliyobandikwa palepale mdomoni, mahali hewa inapokwenda kasi kuliko kwingine kote. Iache hewa ipungue kasi kwanza, iingie kwenye boksi pana, ndipo ikutane na filta kubwa. Kisha iingie kwenye kabureta kupitia tundu lililopinda kingo kama mdomo wa tarumbeta. Boksi la kampuni ya Van's, watengenezaji wa vipande vya RV, linakaribia hilo: filta ya umbo la yai imebanwa kati ya bati la juu na bakuli la faibaglasi, moja kwa moja chini ya kabureta.

Kuna suluhisho jingine ambalo kampuni ya ndege ya Mooney walilitumia kwenye ndege zao za M20: mlango anaoufungua rubani akiwa juu kwenye hewa safi, ili hewa iruke filta na kuingia moja kwa moja. Kwenye matoleo ya baadaye wakauondoa. Kwa ndege ya kujiundia siushauri. Mlango huo ukisahaulika wazi wakati wa kutua kwenye udongo, kazi yote ya filta imebatilika, na mlango usiobana vizuri hupitisha vumbi hata ukiwa umefungwa.

Mlango ambao hauna mjadala ni ule wa akiba. Filta ikiziba kwa theluji, barafu au kundi la wadudu, injini lazima ipate hewa kwingine. Kwenye kabureta, hewa hiyo hutoka kwenye koti linalozunguka ekzosi ikiwa na joto, kwa sababu petroli inapogeuka mvuke hupoza koo la kabureta kiasi cha kuunda barafu hata siku yenye joto la nyuzi 20, mradi hewa ina unyevu. Hewa hii haipiti kwenye filta, hivyo isitumike ndege ikitembea ardhini penye vumbi. Na sehemu ya chini kabisa ya boksi itobolewe tundu dogo, ili petroli inayodondoka wakati wa kuwasha itoke nje. Ikituama pale, kabureta ikirudisha moto filta itawaka.

Utajuaje kama umefanikiwa? Mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji yenye rangi, unatosha. Upande mmoja unganisha na boksi la hewa, baada ya filta. Upande wa pili na bomba la presha tuli la ndege, yaani lile linalopima presha ya hewa ya nje bila mchango wa mwendo, si hewa ya ndani ya chumba cha rubani, ambayo hudanganya. Kwenye mfano wetu wa kilomita 300 kwa saa, faida kamili ingeonekana kama tofauti ya sentimita 34 za maji. Ukiona 28 au 30, umefanya kazi nzuri sana. Ukiona 12, hamisha mrija uupime kabla ya filta. Kama hata hapo ni 14 tu, filta inakula sentimita 2, na zile 20 nyingine zimepotea kwenye mdomo na kona zilizotangulia.