Kuchanganyikiwa ghafla si uzee

Umevuka na pantoni hadi Kigamboni kumwona bibi kwenye makao ya wazee. Jumapili mlipiga soga vizuri. Leo anakuita jina la marehemu mdogo wake. Utaambiwa, “Uzee huo.” Siyo. Uzee hauji kwa siku mbili. Usahaulifu wa maradhi ya ubongo kwa kawaida hujijenga kwa miezi na miaka; wa ghafla mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, dawa mpya au upungufu wa maji.

Hisia ya kiu hupungua na umri, na joto la Februari halina huruma. Tazama kikombe chake: bado kimejaa tangu asubuhi? Waulize wahudumu alikojoa lini, kisha apimwe leoleo. Na kumnyima maji jioni eti asiloweshe kitanda, mimi siafiki kabisa.