Baiskeli nayo ni chombo cha barabarani

Hapa Malindi tumezoea kuambiana eti baiskeli si gari, kwa hivyo sheria ya trafiki haiihusu, funga mnyororo popote mradi kufuli ni nzima. Si kweli jamani. Ile Cap 403, yaani sheria ya trafiki ya Kenya, inahesabu baiskeli kama chombo cha barabarani, na kuacha chombo pahali kinaziba njia ni kosa, kiwe na injini kisiwe nayo. Parking nayo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010, huku kwetu ni Kilifi. Nguzo ya stima unayofungia baiskeli pia si mali ya kila mtu, ina mwenyewe. Juzi sokoni usukani wa baiskeli iliyofungwa ulitokeza mpaka njiani, hamali na mkokoteni wake wa madafu akakwama pale akitusi hadi mwenye baiskeli akatoka na funguo.