Farasi Wengi, Mlima Uleule

"Fundi, hii injini imechoka, nitafutie yenye farasi wengi." Farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini (hospawa). Nimeisikia mara nyingi mno, hadi siku hizi najibu kwa swali: vani lako linavaa tairi saizi gani? Mteja hunitazama kana kwamba nimemuuliza jina la bibi yake.

Dhana: Injini yenye farasi wengi ndiyo itakayolivuta gari la foowili (linalosukumwa na magurudumu yote manne)

Tuanze na hili, maana ndilo linaloniudhi. Farasi wanatokana na vitu viwili: msokoto wa krenki, yaani nguvu ya kuzungusha mhimili wa injini, na mizunguko yake. Chukua msokoto kwa Nm (nyutoni-mita), zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Kwa hiyo injini inaweza kuandikiwa farasi wengi kwa sababu tu inazunguka sana juu, huku chini haina kitu. Na foowili linaishi huko chini: topeni, kwenye mawe, kwenye kilima likiwa na mzigo. Huko ukikanyaga mafuta hadi mizunguko 5,000 unajichimbia shimo.

Chukua Volkswagen T3 Syncro, vani la foowili la miaka ya 1985 hadi 1992, lenye injini nyuma. Wanaoing'oa injini yake ya petroli ya lita 2.1 mara nyingi hubaki na chaguo mbili: Subaru EJ22, ya petroli ya lita 2.2, au TDI, dizeli ya lita 1.9 ya Volkswagen, ile yenye kodi ya 1Z au AHU. EJ22 ina farasi kama 130, TDI ina 90. Mteja hapo hata hasubiri nimalize kusema. Lakini EJ22 hufikia msokoto wake wa juu, kama Nm 186, kwenye mizunguko 4,400. TDI inatoa Nm 202 kwenye mizunguko 1,900. Piga hesabu: kwenye hiyo 1,900 TDI tayari imetoa kilowati 40, karibu farasi 55, na bado injini inanguruma kwa utulivu.

Sisemi EJ22 ni mbaya. Kwenye lami itaiacha TDI mbali, na inakwenda laini. Nayo TDI ina kero yake: farasi wake 90 wanaishia mizunguko 4,000, kwa hiyo ukiifunga kwenye gia zilizopangiwa petroli, gia ya mwisho inakuwa fupi, na safari ndefu yote unaendesha injini ikilia. Lazima gia zirefushwe. Ndiyo maana nasema injini na giaboksi zinachaguliwa siku moja, kwenye karatasi moja.

Kuna vani lililetwa kwangu likiwa limefungwa injini ya silinda sita kwenye gereji nyingine. Lalamiko: kelele gia ya tatu. Nilipofungua nati ya chini ya giaboksi, oili ilitoka ya kijivu, ikimetameta kama magamba ya samaki, na kwenye sumaku ya nati kuliganda kipande cha jino la gia, kama ukucha wa kidole gumba. Injini haikuwa na kosa lolote. Gia ya kwanza ikizidisha msokoto mara nne, injini ya Nm 200 inapeleka 800 ndani ya giaboksi, ya Nm 300 inapeleka 1,200. Hizo 400 za ziada lazima zibebwe na meno yaleyale ya zamani, na difu zilezile, na propela ileile.

Ushauri wangu, nao nautoa hata nisipoombwa: kama ulipandisha tairi kutoka kipenyo cha sentimita 65 hadi 71 na nusu, umerefusha gia zote kwa asilimia 10, na mvuto wa gari umepungua. Rudisha tairi za zamani kwanza, uendeshe wiki mbili, halafu tuzungumze habari ya injini.

Dhana: Gari limekuwa zito, basi injini imekufa

Siyo lazima. Kwenye Syncro, ile kaplingi ya majimaji mazito inayopeleka nguvu mbele huzeeka ikaganda. Zungusha usukani hadi mwisho kwenye sakafu kavu, uende taratibu: gari likijikaza kama mtu amekanyaga breki, tatizo umelipata. Nimewahi kuona mtu amebadilisha injini mbili juu ya kaplingi moja iliyoganda.

Dhana: 2.5 ni kubwa kuliko 2.2, kwa hiyo ni bora

EJ25, ile Subaru ya lita 2.5, inajulikana kwa gasketi za hedi kuvuja. EJ22 za kabla ya 1997 mkanda wa taimingi ukikatika, valvu hazigongi pistoni. Unavuta gari, unafunga mkanda mpya, unaondoka. Mimi nishachagua.

Dhana: Injini ikishaingia, imeingia

Imeingia, lakini sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, inaning'inia chini kuliko tumbo la gari, na jiwe la kwanza litaisalimia. Basi mtu anaikata sampu iwe fupi, anasahau kuweka vizuizi vya ndani na kurekebisha bomba la kufyonzea oili. Kwenye mteremko mkali oili yote inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi zinaanza kugonga.

Halafu gari linachemsha na rejeta inalaumiwa. Kwenye T3 rejeta iko mbele na injini nyuma, mabomba yanapita chini urefu wote wa gari. Hewa ikibaki humo maji hayazunguki. Inua pua ya gari unapojaza, na ufungue nati ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta.

Dhana: Injini iliyotumika yenye kilomita chache haina shida

Kilomita zimeandikwa wapi? Dashibodi ilibaki kwenye gari jingine. Pima kompresheni, yaani mgandamizo, ya kila silinda. Zikitofautiana sana, achana nayo hata kama imeoshwa ikang'aa.

Na usinunue injini tupu. Dai waya zote bila kukatwa, kontrol boksi yake (kompyuta ya injini), pedali ya mafuta kama ni ya umeme, na ufunguo wake halisi kama ina mfumo wa kuzuia wizi. Muuzaji akikwambia ufunguo atautafuta kesho, rudi kesho, na pesa zako ziwe bado mfukoni.