Wino wa kudumu, kudumu mbele ya nini?

Mimi hutengeneza kadi kwa kupiga mihuri na kuzipaka rangi kwa mkono, na kilichoniharibia kadi nyingi kuliko kitu kingine chochote si mkono kutetemeka wala muhuri kukaa upande. Ni neno "kudumu" kwenye kifuniko cha wino.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata oda ya kadi 60 za mwaliko wa harusi. Nilikuwa nimechongesha muhuri wa tawi la jakaranda, nikaenda kununua pedi ya wino mweusi katika duka moja la vifaa vya sanaa hapa mjini. Muuzaji akaniambia, "Huu ni wa kudumu, dada, hautoki." Na kweli, niliudondoshea maji, nikausugua kwa kidole, ukatulia. Jioni hiyo nikapiga kadi zote 60. Asubuhi nikaanza kupaka maua kwa kalamu za spiriti, zile za ncha mbili, rangi ya zambarau hafifu. Nilipofika petali ya tatu, ncha ya kalamu ilikuwa imegeuka kijivu: nilikuwa nikiukokota mstari mweusi kuuingiza ndani ya ua. Kadi 11 ziliharibika kabla sijaelewa kinachotokea.

Wino ule ulikuwa wa jamii inayonuka kama thina. Rangi yake imeyeyushwa katika kemikali inayoruka hewani, ndiyo maana hukauka upesi hata juu ya kioo na plastiki. Maji hayauwezi. Lakini kalamu za spiriti zimejaa alkoholi, na alkoholi huuyeyusha upya kana kwamba haujawahi kukauka. Tangu siku hiyo siulizi dukani kama wino unadumu. Nauliza unadumu mbele ya nini.

Ukipaka kwa kalamu za spiriti, mstari wako uwe wa wino wa maji unaovumilia alkoholi. Mimi hutumia Memento ya kampuni ya Kijapani Tsukineko. Hunywewa na karatasi haraka na kalamu hupita juu yake bila kuugusa. Ukipaka kwa brashi na maji, mambo yanageuka: Memento hiyohiyo itachuruzika. Hapo nashika wino wa pigmenti kama VersaFine. Pigmenti ni punje laini sana za rangi ambazo hazikuyeyuka, hubaki juu ya karatasi, na zikishakauka maji hayazisumbui. Subira ndiyo inayotakiwa. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na baridi na mawingu siku nzima, kadi zangu za pigmenti hulala usiku kucha kabla ya brashi kuzikaribia. Kwa penseli za rangi usihangaike, wino wowote uliokauka unafaa.

Kazi hii ya kuchapa mstari kisha kupaka rangi kwa mkono si mpya. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani, iliyoagizwa na Henry Cole na kuchorwa na John Callcott Horsley huko London mwaka 1843, ilichapwa mistari na kupakwa rangi kwa mkono, ikauzwa shilingi moja ya Uingereza. Nikijua hivyo, mtu akiniambia kadi za mkono ni mchezo wa watoto, huwa sikubali.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya unga wa kuinua, yaani unga unaoyeyuka kwa joto na kuufanya mstari uinuke. Unapiga muhuri kwa wino unaochelewa kukauka, unamwagia unga juu yake ungali mbichi, unakung'uta uliobaki urudi koponi, kisha unaupasha moto. Usitumie blodraya ya saluni. Upepo wake utapeperusha unga kabla joto halijafika. Nunua hita ya mkono, au shikilia kadi kwa koleo juu ya koili ya jiko la umeme, moto utokee chini. Tazama kwa makini: unga unakaa mkavu kama sukari, halafu sehemu moja inang'aa, na mng'ao unatambaa kwenye mstari hadi mwisho. Ondoa hapohapo, maana ukizidisha sekunde chache unazama ndani ya karatasi na kuacha doa la mafuta. Baada ya hapo mstari unakuwa tuta. Gusa ndani ya petali kwa brashi yenye rangi na maji, utaona rangi inatanda hadi ukingoni na kusimama, kama maji ya mvua kwenye matuta ya shamba la mlimani.

Rangi zenyewe si lazima ziwe za bei. Bonyeza pedi ya wino wa maji kwenye kifuniko cha majarini, ichovye kwa brashi yenye maji, umepata rangi. Anza na iliyo hafifu, ongeza nzito upande ulio mbali na jua, na acha sehemu ndogo nyeupe kabisa. Wanafunzi wangu wengi huogopa kuacha nyeupe. Wanadhani kazi haijaisha.

Kuhusu mihuri, nenda kwa mafundi wanaochonga mihuri ya ofisi kule karibu na River Road, Nairobi. Mashine yao ya leza haijui kijivu, hivyo peleka mchoro mweusi tititi juu ya nyeupe. Fundi wangu aliwahi kuurudisha mchoro wangu akisema, "Dada, mistari hii itakufa," na alikuwa sahihi. Ilikuwa myembamba kama unywele. Nilianza na mihuri mitatu tu, nikaipanga kama leso: wa pindo unaozunguka kingo zote, wa korosho kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, na herufi kubwa za jina. Ukipaka nyekundu na nyeusi na kuacha nyeupe, una kadi ya harusi ambayo bibi yeyote wa Pwani ataiita kisutu, leso ya bibi harusi, bila kuambiwa.

Karatasi: manila nzito ya A4, ikatwe vipande viwili sawa, kila nusu ikunjwe iwe A6, inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Chora mkunjo kwanza kwa biro iliyoisha wino.

Ukutani juu ya meza yangu kuna vipande vya manila vya kujaribia. Kila wino mpya naupiga mara tatu, naupitishia maji, spiriti na penseli, kisha naandika nyuma jina lake na muda niliosubiri.

Zile kadi 49 zilizobaki sikuzitupa. Wino ulikuwa unadumu mbele ya maji, kwa hiyo nilizipaka kwa brashi, maji kidogo sana, nikazilaza usiku chini ya rundo la vitabu zinyooke. Kesho yake nikapiga nyingine 11.