Leseni Mkononi, Ndege Chini

Abiria wanaosubiri ndege pale Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, wakisikia safari imechelewa kwa sababu ya "karatasi za rubani", hudhani wameletewa rubani bandia. Mara nyingi si hivyo. Leseni anayo, tena halali. Kilichokwisha muda ni kimoja kati ya vitu vinavyoipa leseni hiyo nguvu. Mimi narusha ndege ndogo mwambao huu na kufundisha wanaoanza, na hakuna jambo la kazi yetu linaloeleweka vibaya kuliko hili.

Kwanza, anayetoa leseni ni nani? Si chuo cha urubani wala kampuni ya ndege. Ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, iliyoundwa mwaka 2002 na ambayo leo inaongozwa na Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013. Wenye viwanja vya Manda na Malindi ni wengine, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Na ndege ikianguka, uchunguzi hufanywa na idara ya kuchunguza ajali za ndege, AAID, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi, ili mdhibiti asije akajichunguza mwenyewe. Hapo nina neno, lakini. KCAA hiyo hiyo inayodhibiti ndiyo pia inayoajiri waongoza ndege, na ndiyo yenye chuo cha usafiri wa anga kule Embakasi. Kujikagua ni kazi nzito hata kwa mwaminifu, nami ningependa kuona shughuli hizo zikitenganishwa.

Kanuni zenyewe hazikuanzia Nairobi. Mzizi wake ni Mkataba wa Chicago wa 1944, uliozaa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga lenye makao Montreal. Mkataba huo una viambatisho 19, na cha kwanza ndicho cha leseni. Kwa sababu nchi zimekubaliana kiwango kimoja, rubani mwenye ndege ya Kenya akitua Addis Ababa hawekwi chini kufanya mtihani upya.

Ngazi nitazipitia haraka. Leseni ya rubani binafsi inataka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka kwa uchache, nayo haikuruhusu kulipwa. Ya biashara inataka miaka 18 na saa 200, au 150 ukisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Ya juu kabisa, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, inataka miaka 21 na saa 1,500. Katika saa za leseni ya biashara kuna safari moja ambayo wanafunzi wangu huiota usiku: wewe ndiwe nahodha, na lazima safari nzima ifike kilomita 540 kwa jumla, ukitua viwanja viwili tofauti njiani. Toka Malindi hadi Manda na kurudi ni kama kilomita 280 tu, kwa hiyo hapo umefika nusu.

Sasa hayo mambo yanayokwisha muda. La kwanza ni cheti cha afya. Rubani wa biashara anahitaji cha daraja la kwanza, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka, si daktari yeyote wa mjini. Hupimwa macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo. Kwa kawaida kinadumu miezi 12. Ukipita miaka 40 na unabeba abiria peke yako bila rubani msaidizi, kinashuka kuwa miezi 6. Kikiisha leo, kesho huruki, hata kama una saa 10,000.

Kisha retingi, yaani idhini za ziada. Kuruka mawinguni kwa kutegemea ala peke yake ni retingi mbali. Kapteni aliyezoea Caravan, ndege ndogo ya injini moja, hawezi kuamka akakaa kwenye Dash 8, iliyo kubwa zaidi na ya injini mbili, kwa kuwa zote zinakuja Lamu. Atasomea ndege hiyo na kupimwa ndani yake. Na ukitaka kubeba abiria, uwe umeruka na kutua mara 3 katika siku 90 zilizopita. Rubani aliyekaa nyumbani msimu mzima wa masika bado ana leseni, ila abiria hawabebi mpaka afanye mizunguko yake.

Lugha nayo ina daraja. Kiingereza cha redioni hupimwa kwa ngazi 6, na chini ya ya 4 hupiti. Aliye ngazi ya 4 hupimwa tena kila miaka 3, wa ngazi ya 5 kila miaka 6, wa 6 haulizwi tena.

Wazazi wa Lamu na Malindi hunijia wakiwa tayari kuuza kiwanja wamsomeshe mtoto urubani. Jibu langu huwa lile lile: kabla hujalipa hata kiingilio cha chuo, mpeleke akapimwe cheti cha daraja la kwanza. Kijana asiyetofautisha nyekundu na kijani anaweza kukwama hapo hapo, na ada ya chuo ikishalipwa ni vigumu kurudishwa. Akifaulu, ndipo uende chuoni, uombe kuonyeshwa idhini ya KCAA yenye tarehe, na uulize kama bei waliyokutajia imejumuisha saa za ziada, maana wanaomaliza kwa saa zile za uchache kabisa ni wachache.