Bei ya kusuka huongezwa baada ya kazi?

Wengi hapa Dodoma, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, wanaamini kwamba kwa kuwa saluni hakuna karatasi iliyosainiwa, msusi anaweza kudai chochote ukishainuka kutoka kwenye kiti. Si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo. Mkikubaliana elfu ishirini, deni lako ni elfu ishirini.

Ugomvi mwingi huanzia penye neno "bei". Msusi akitaja bei, mara nyingi anamaanisha ufundi tu. Rasta, yaani nywele za bandia za kusukia, unanunua mwenyewe, na kufumua nywele za zamani, kuziosha, kuzikausha kwa draya, hata kuchoma ncha kwa maji ya moto, huenda vikahesabiwa peke yake. Kutoza hivyo si wizi, ni kazi na inachosha mikono. Kosa ni kukaa kimya mpaka mteja amemaliza kusukwa, hasa mwanafunzi wa chuo mwenye nauli tu mfukoni. Hilo linaniudhi sana.

Uliza kabla hajashika kitana: "Dada, hiyo ni pamoja na kufumua na kuosha? Rasta zikipungua nani ananunua?" Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei.