NATO na Bahari Nyeusi: Dhana Zinazorudiwa Kila Muhula
Ninafundisha usalama wa kimataifa, na kila muhula swali ni lile lile: "Mwalimu, mbona NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, haipeleki manowari (meli za kivita) Bahari Nyeusi ikamaliza vita vya Urusi na Ukraine?" Anayeuliza huwa ameshajijibu: NATO inaogopa.

Jamani, fungueni ramani kwanza. Manowari ikitoka Mediterania lazima ipite milango ya bahari ya Dardanelles na Bosporus, na Mkataba wa Montreux wa 1936 umeikabidhi Uturuki usimamizi wa njia hiyo. Hata wakati wa amani, manowari ya nchi isiyopakana na bahari hiyo hairuhusiwi kukaa humo zaidi ya siku 21, na za nchi hizo zote kwa jumla hazizidi tani 45,000. Vita vikizuka, Ibara ya 19 inawazuia wanaopigana wasipitishe manowari, isipokuwa zile zinazorudi kituoni kwake. Uturuki iliitumia ibara hiyo mwishoni mwa Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, ikaziomba na nchi nyingine zisilete meli zao za kivita. Januari 2024 ikatangaza kwamba meli mbili za kutegua mabomu ya baharini, ambazo Uingereza iliipa Ukraine, hazitapita. Uingereza na Uturuki zote ni wanachama wa NATO!

Wapo wanaodai mkataba huu unaibeba Urusi. Wakumbuke Moskva, manowari ya Urusi katika Bahari Nyeusi: ilipozama Aprili 2022, meli mbili za aina yake zilikuwa Mediterania, na Urusi haikuweza kuziingiza.

Dhana kwamba Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO, isemayo shambulio kwa mwanachama mmoja ni shambulio kwa wote, inawapeleka wote vitani papo hapo nayo si kweli. Kila mwanachama anachukua hatua anayoona inafaa, nguvu za kijeshi zikiwemo. Imetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001. Mkataba wote wa NATO una ibara 14, unasomeka kwa kikao kimoja. Usomeni kabla ya kubishana.

"Ukraine iliahidiwa, basi inalindwa." Hapana. Ahadi ya uanachama ilitolewa Bucharest Aprili 2008, kwa Ukraine na Georgia, bila tarehe. Agosti mwaka huo Georgia ikapigana na Urusi, na NATO haikuingia vitani.

Wala si kweli kwamba NATO haifanyi lolote huko. Ufaransa inaongoza kikosi cha NATO kilichoko Romania, na Italia kilichoko Bulgaria. Ila kazi ya kutegua mabomu baharini Uturuki, Romania na Bulgaria zilikubaliana zenyewe Januari 2024, nje ya bendera ya NATO, ingawa zote tatu ni wanachama.